Shajara ya mradi: kuvu wa karanga, koo (nasaba) zenye sumu na zisizo nayo

Mei. Mavuno, Kongwa na Chemba

Swali la mradi naliandika hapa juu ili mimi na mwanafunzi wangu wa uzamili tusilipoteze njiani. Kati ya kuvu wa Aspergillus flavus waliomo kwenye karanga, mahindi na udongo wa mashamba ya Kongwa na Chemba, ni wepi wanaotengeneza aflatoksini, ile sumu ya kuvu, ni wepi hawatengenezi, na hawa wasiotengeneza wanatengeneza nini badala yake? Vipande viwili vya kwanza vimeshafanyiwa kazi na wengi. Cha tatu hupitwa mbiombio, kana kwamba kuvu akikosa aflatoksini basi amekuwa mtakatifu.

Kwa nini wilaya hizi, hakuna anayeuliza akiwa mkazi wa huku. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kufika vituo vya afya wakiwa na macho ya manjano, wakitapika, matumbo yamevimba. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Jibu lilikuwa kwenye mahindi ya nyumbani: aflatoksini. Jirani zetu wa Kenya walipita hapo hapo mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125.

Tumekusanya karanga zikiwa bado na maganda, mahindi ya kwenye vihenge na ya kwenye magunia, na udongo wa juu wa mashamba hayo hayo. Kila sampuli inaingia kwenye mfuko wa kaki. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, na sampuli ikitoa jasho barabarani kuvu anaendelea kuota, kwa hiyo utakachopima maabara si kile ulichokichukua shambani. Kwa unyevu wa mahindi tumetumia ile njia ya chumvi kavu kwenye chupa: unatia punje na chumvi, unatikisa, unasubiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi kama 13.5. Mashine ya kupimia tunayo, lakini nilitaka wenye mahindi waone kwa macho yao kitu watakachoweza kukirudia tukishaondoka.

Karanga za mwaka huu zimekaukiwa mvua mwishoni. Hapo ndipo kuvu huyu anapopata mwanya: mmea ukipata kiu wakati maganda yanajaa, ganda linapasuka pasuka, mchwa nao wanatoboa, na kuvu anaingia karanga ikiwa bado ardhini. Anayefikiri ukungu ni habari ya ghalani tu anaanza kupigana vita nusu yake imeshaisha.

Kijiji kimoja si mbali na Kibaigwa, mama mmoja alikuwa anachambua karanga kwenye turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbukwa. Hivi umetoka mjini kote huko kufuata karanga mbovu?"

Nikamwambia ndiyo, hasa hizo. Akacheka, akanionyesha mafungu yake. Zilizojaa na kung'aa ni za sokoni, mnunuzi anazikagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa hazitupwi. "Hizi tunakaanga, tunatwanga, tunatia kwenye mboga. Utupe chakula?"

Nimelinakili hilo neno kwa neno maana lina uzito kuliko sampuli zote za siku ile. Uchambuzi anaufanya vizuri kuliko mashine: punje zilizosinyaa na kuvunjika ndizo zenye sumu nyingi zaidi. Tatizo ni fungu lile linakokwenda. Soko linasafisha karanga zake, na uchafu unabaki kwenye chungu cha aliyezilima. Sijui ni semina gani itakayomwambia mama wa watoto watano amwage fungu zima la chakula mwezi Februari wakati ghala limekauka. Nilimwomba aniuzie fungu lile kwa bei ya zile nzuri. Alikubali, ila alinitazama kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

(Kongwa na karanga ni habari ya zamani. Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta hapa kulima karanga kwa ekari zisizohesabika, na mwaka 1951 wakafunga virago. Ukame na udongo unaokuwa mgumu kama saruji viliwashinda. Wakulima wadogo waliokuwepo kabla yao bado wanalima karanga hapo hapo.)

Juni. Kuotesha

Wiki za upepo. Vumbi la Dodoma linaingia hata penye dirisha lililofungwa, na ndani ya vumbi mna spora, yaani mbegu za kuvu. Sahani tupu tunazoacha wazi kama mashahidi zinaota vitu tusivyovialika, kwa hiyo kazi yote ya kufungua sahani inafanyika ndani ya kabati la hewa safi, asubuhi mapema kabla upepo haujashika.

Punje tunaziosha kwanza kwa jiki iliyochanganywa na maji, halafu maji safi yaliyochemshwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo. Hatumtaki kuvu aliyerukia juu ya ganda sokoni. Tunamtaka aliyeko ndani. Punje zinapandwa kwenye agari ya viazi, mlo mgandamano wa kuoteshea kuvu, yenye kloramfenikoli ya kuzuia bakteria. Baada ya siku chache unaona mji mzima: kijani cha manjano cha flavus, weusi wa Aspergillus niger, pamba ya Fusarium kwenye mahindi, na Penicillium wa bluu iliyopauka.

Kijani si ushahidi. Mwanafunzi wangu alikuja mbio na sahani ya kijani kibichi akasema, "Dokta, huyu hapa." Nikamwambia ampande kwenye agari ile ya kuchuja flavus na parasiticus, ambayo ndugu hawa wawili huonyesha rangi ya chungwa upande wa chini ndani ya siku mbili hivi kwenye joto la nyuzi 30. Yule wa kwake hakuonyesha chungwa. Wengine wengi walionyesha. Kisha ikaja kazi ya kuchosha kuliko zote: kumtenga kila mmoja aanzie kwenye spora moja tu, ili jina tunaloandika kwenye kopo liwe la ukoo mmoja, si la familia iliyochanganyika.

Zabibu nilizoletewa na jirani mwenye shamba nimezipanda pia, kwa udadisi tu. Weusi watupu. Kwenye zabibu wa kuangaliwa ni Aspergillus carbonarius, mtengenezaji wa sumu nyingine iitwayo okratoksini, ambayo Ulaya wameiwekea kikomo cha maikrogramu 2 kwa kilo ya mvinyo. Mji unaojivunia zabibu zake ungefaa kuwa na mtu anayefanya kazi hiyo pekee. Si mimi, si mwaka huu.

Juni mwishoni. Nazi

Kipimo cha kwanza cha sumu tunakifanya kwa tui la nazi. Si ubahili, ingawa bajeti nayo inashukuru. Kuvu huyu akioteshwa kwenye agari ya nazi, mafuta ya nazi humchochea kutengeneza aflatoksini kwa wingi. Aflatoksini B ikipigwa na taa ya urujuanimno ya nanomita 365 hung'aa bluu, na G hung'aa kijani. Majina yenyewe yametokana na rangi hizo. Basi sahani ya tui ikiwekwa gizani chini ya taa, ukoo wenye sumu unazungukwa na duara la bluu na usio na sumu unabaki mweusi kimya.

Nazi Dodoma ni mgeni. Zinakuja kwa lori kutoka pwani, na soko la Majengo wanakuuzia kwa bei inayokukumbusha umbali huo. Fundi wetu wa maabara ni mtu wa Pangani. Alikataa katakata tui la kopo. "Hilo limetiwa dawa lisiharibike, halafu wewe unataka kitu kiote humo?" Hoja yake ilikuwa na mashiko ya kisayansi, maana vihifadhio vinaweza kumzuia kuvu na kutupa majibu ya uongo. Akaleta mbuzi yake ya kukunia kutoka nyumbani, akakuna, akakamua tui zito. Nusu tui, nusu maji, agari gramu 15 kwa lita, otoklevu, sahani. Korido nzima ilinukia wali, na watu wa ofisi ya jirani walikuja kuuliza kama kuna sherehe.

Pembeni ya kila kundi la sahani tunaweka sahani mbili za kulinganisha: moja ya tui lisilopandwa kitu, na moja ya ukoo tunaoujua kuwa una sumu. Bila hizo, mng'ao wa mafuta yenyewe unaweza kukudanganya. Na sahani zilizokwisha kusomwa zinageuzwa juu chini, tone la amonia linatiwa kwenye kifuniko. Koo zenye sumu hubadilika kuwa za waridi upande wa chini, zisizo na sumu hazibadiliki. Njia mbili zikikubaliana tunaandika. Zikibishana tunarudia.

Usalama, kwa yeyote atakayeiga: glavu, barakoa inayobana uso, na miwani ya kuzuia mionzi. Vyombo vinalala kwenye jiki kisha vinatiwa asetoni. Aflatoksini B1 imo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa wanadamu, na spora za kijani ukizipulizia pumzi zinapaa kama poda.

Julai. Majirani wasiofanana

Matokeo ya tui yamekaa mezani, na jambo moja limejitokeza wazi. Ndani ya gunia moja la karanga, wakati mwingine ndani ya punje za ganda moja, anaishi anayeng'aa na asiyeng'aa. Kwa macho ni kijani kile kile. Kwa hadubini ni kichwa kile kile chenye spora. Unaweza kumtazama hadi macho yatoke maji, hutajua.

Tofauti imo kwenye vinasaba. Jeni zinazohusika na aflatoksini, kati ya 25 na 30, zimekaa pamoja kwenye kipande kimoja cha kromosomu, na jeni moja, aflR, ndiyo swichi kuu. Ukoo unaweza kukosa sumu kwa njia mbalimbali. Marekani kuna ukoo wa NRRL 21882, unaotumika kulinda karanga, ambao kipande hicho chote hakipo. Kuna mwingine, AF36, uliokuzwa kwenye mashamba ya pamba ya Arizona. Huu jeni zake zipo ila mojawapo ya mwanzo kabisa ina kosa la herufi moja, na mstari wote wa uzalishaji unasimama hapo. Halafu kuna wa aina ya tatu ambao hawana kasoro yoyote, wamenyamaza tu. Joto likibadilika, chakula kikibadilika, wanaamka.

Huyu wa tatu ndiye anayenifanya nikatae neno "salama" kwenye daftari la maabara. Mwanafunzi amelifuta, ameandika "haukung'aa kwenye tui". Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli.

Koo zote zisizong'aa zimepandwa tena kwenye mahindi yaliyochemshwa na kwenye karanga, kisha zikachujwa kwa klorofomu na kupandishwa kwenye bamba la silika, ambalo kimiminika kikipanda juu yake hutenganisha vitu vilivyochanganyika. Kimiminika cha kupandisha ni klorofomu tisa kwa asetoni moja. B1 huenda juu kabisa, ikifuatiwa na B2, G1 na G2. Wengi wa wale weusi bamba lao pia liko safi. Baadhi walitoa doa hafifu la bluu mahali pa B1. Hao nimewahamishia kwenye orodha ya wanyamavu, na sitawarudisha.

Agosti. Nanenane, Nzuguni

Tumeombwa kuweka meza. Kuvu hai hawatoki maabara, kwa hiyo tumepeleka picha za sahani chini ya taa, chupa ya chumvi, na karanga nzima zisizo na lolote za watu kushika. Picha za bluu ziliwavuta watoto, chupa ya chumvi ikawavuta watu wazima.

Mzee mmoja wa Mpwapwa alisimama muda mrefu, mikono nyuma.

"Dokta, haya mahindi mnayoyasema, kuku wangu wanakula kila mwaka. Hawajafa. Sasa sumu gani inayochagua?"

Nikamuuliza kama anafuga bata.

"Nilikuwa nao. Vifaranga wanakufa tu, nimeacha."

Sikuwa na sampuli ya chakula cha bata wake, na vifaranga wa bata hufa kwa mengi, kwa hiyo sikumwambia kwamba ndiyo sababu. Nilimwambia ninachokijua: sumu hii kweli inachagua. Kuku huistahimili kuliko bata, na vifaranga wa bata ndio waliokuwa wakitumiwa na wanasayansi kuipima kabla ya mashine. Hata kugunduliwa kwake kulitokana na ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyajua, hadi ilipofuatiliwa ikaonekana wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Mzee akatikisa kichwa, akaita wenzake wawili, nikarudia tangu mwanzo.

Maswali mengine yalikuwa ya jikoni. Ugali ukiiva sumu si inakufa? Haifi. Aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto la nyuzi 237 na zaidi, na sufuria ya ugali haifiki hata nusu yake. Kukaanga karanga hupunguza, hakumalizi. Kukoboa kunasaidia sana kwa mahindi, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda la nje na kiini, kwa hiyo sembe huwa na afadhali kuliko dona ya mahindi yale yale. Lakini pumba nayo haitupwi. Inakwenda kwa ng'ombe, na ng'ombe anaibadilisha B1 kuwa M1 na kuitoa kwenye maziwa. Nilipofika hapo dada mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema, "Kwa hiyo inatuzunguka tu." Sikuwa na la kuongeza.

Wengi walitaka kuleta punje kiganjani wapimiwe. Hili nalieleza kwa hesabu, maana bila hesabu mtu anaona unamnyima. Kikomo cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 za B1. Gunia la kilo 100 lililo kwenye kikomo lina miligramu moja tu ya sumu ndani yake yote. Sasa, imewahi kupimwa punje moja moja ya karanga iliyokuwa na zaidi ya maikrogramu milioni moja kwa kilo. Punje ya namna hiyo, yenye uzito wa nusu gramu, ina maikrogramu 500. Peke yake inaweza kufikisha kilo 50 za karanga safi kwenye kikomo. Ukichota kiganja ukaikosa punje hiyo, nitakuandikia karanga zako ni safi. Ukiikuta, nitakuandikia ni sumu tupu. Majibu yote mawili ni ya uongo. Ndiyo maana tunachota sehemu nyingi za gunia, tunachanganya, tunasaga zote, ndipo tunapima.

Kijana mmoja akauliza swali lililogusa kazi yenyewe: Aflasafe ipo, mnatafuta nini tena? Ni kweli ipo. Aina zake, TZ01 na TZ02, zilisajiliwa nchini mwaka 2018, zimetengenezwa kwa koo zisizo na sumu za humu humu Tanzania zilizopakwa kwenye punje za mtama uliouliwa usiote. Unamwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mazao hayajatoa maua, na koo hizo zinawahi nafasi kabla ya zile zenye sumu. Inafanya kazi, na mwenye uwezo namshauri aitumie. Mimi sitafuti mpinzani wake. Natafuta kujua humo shambani kuna nini kingine, na kila mmoja wao anapika nini.

Agosti mwishoni. Wasiong'aa wanapika nini

Kipande cha tatu cha swali kimeanza kujibika.

Flavus asiye na aflatoksini bado anaweza kuwa na asidi ya siklopiazoni. Hii haing'ai kwenye tui, kwa hiyo kipimo chetu kizuri cha nazi ni kipofu kwake. Inaziba pampu ya kalsiamu kwenye seli za misuli, na wapo wanaoamini ilishiriki kuwaua wale bata mzinga wa 1960. Ukoo wa AF36 niliotaja juu, pamoja na sifa zake zote, hutengeneza asidi hii. NRRL 21882 hautengenezi. Kwa hiyo katika koo mbili zinazoitwa zisizo na sumu, moja ina sumu nyingine.

Bamba la silika linachovywa kwanza kwenye asidi ya oksaliki, la sivyo doa linaburuzika kama wino kwenye karatasi mbichi. Kisha linapuliziwa kitendanishi cha Ehrlich. Zambarau maana yake ipo. Tulipulizia, tukangoja, na zambarau ikajitokeza kwenye njia nyingi kuliko nilivyotaka. Baadhi ya koo nilizokuwa nazipenda sana, nyeusi kabisa kwenye tui, safi kwenye bamba la kwanza, zimejaa zambarau.

Orodha imepungua sana. Imebaki na koo chache, nyingi za udongo wa mashamba ya mtama Chemba, chache mno za karanga. Sababu siijui na sitaibuni.

Pembeni, kwa sababu kitendanishi kilikuwepo: kloridi ya chuma ikidondoshwa kwenye mchuzi walimoota, karibu wote hugeuka wekundu wa damu. Hiyo ni asidi ya koji, iliyojulikana tangu 1907 huko Japani kutoka kwa Aspergillus oryzae, ndugu wa karibu kabisa wa flavus, yule anayetengenezea mchuzi wa soya. Asidi hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema atampigia dada yake simu.

Oktoba. Pengo la yule wa mbuyu

Kazi ya kukutanisha: flavus mwenye sumu anapandwa upande mmoja wa sahani, kuvu mwingine upande wa pili, tunaona wanavyokutana. Wengi hukutana na kusukumana, mpaka ukabaki mstari mwembamba. Wawili waliacha pengo pana ambalo flavus hakuthubutu kuingia. Mmoja ni niger mweusi. Mwingine ni Penicillium aliyetoka kwenye udongo wa chini ya mbuyu, Chemba.

Pengo peke yake halimaanishi dawa. Niger humwaga asidi nyingi, na flavus anaweza kuwa anakimbia uchachu tu. Tumerudia kwenye agari iliyotiwa kizuizi cha uchachu. Pengo la niger likafutika. La yule wa mbuyu likabaki, limepungua kidogo. Halafu tukachuja mchuzi wake, tukauchemsha, tukatoboa visima kwenye agari na kuutia. Bado flavus hakusogea, kwa hiyo si kimeng'enya cha kumvunja kuta, maana vimeng'enya haviponi kuchemshwa. Ni molekuli ndogo, na inahamia kwenye kiyeyushi cha ethili asetati tukiichuja.

Watu wakisikia Penicillium wanawaza Fleming na 1928. Jamii hii ina mengi zaidi ya penisilini, ambayo hata hivyo huua bakteria, si kuvu. Imo griseofulvini, iliyotenganishwa mwaka 1939, ambayo hadi leo watoto wenye mapunye wanapewa. Lakini griseofulvini huwapata kuvu wa ngozi na nywele, Aspergillus haimsumbui, kwa hiyo simdhanii huyu kuwa nayo. Imo asidi ya mikofenoli, ambayo siku hizi hupewa waliopandikizwa figo. Na imo patulini, ile ya tufaha zilizooza, ambayo inaua kuvu, inaua bakteria, na haina huruma kwa mwanadamu pia.

Kwa hiyo kabla ya kufurahi tumetia mchujo huo kwenye maji chumvi yenye uduvi wadogo waliototolewa jana yake, kipimo cha sumu cha bei rahisi kinachotumika sana nchini kwa dawa za miti shamba. Asubuhi uduvi wengi walikuwa wamekufa, hata kwenye kiasi kidogo.

Fundi wa maabara alisikitika kuliko mimi. Mimi naona tumepata taarifa. Mchujo mzima ni mchanganyiko wa vitu vingi, na kinachoua uduvi si lazima kiwe ndicho kinachomzuia flavus. Tumeanza kuugawa kwa safu ya silika, sehemu baada ya sehemu, kila sehemu inapimwa kwa flavus na kwa uduvi sambamba. Sehemu itakayozuia kuvu na kuacha uduvi wakiogelea ndiyo itakayoendelea. Isipopatikana, yule wa mbuyu anabaki kwenye friji na jina lake, na tunasonga kwa mwingine.

Novemba. Hali ya mradi kabla ya mvua

Koo zote zilizobaki kwenye orodha zimehifadhiwa kwenye gliseroli, nakala mbili, majokofu mawili tofauti, kila jokofu kwenye jengo lake. Umeme hukatika, na jenereta ya jengo moja haiaminiki.

Mtu wa kampuni moja ya pembejeo amepiga simu akitaka ukoo mmoja "usio na sumu" ajaribu kwa wakulima wake msimu huu. Nimekataa. Kuvu akishamwagwa shambani harudi kwenye chupa. Ukoo wowote unaokusudiwa kumwagwa unapaswa kupitia mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, baada ya kusomwa vinasaba vyake vyote ili tujue kama jeni zake zimekatika kweli au zimelala. Usomaji huo haujafanyika. Alisema nachelewesha maendeleo. Sawa.

Sehemu za mchujo wa yule wa mbuyu zimefika ya sita. Ya nne inazuia flavus kwa nguvu, na majibu ya uduvi wake bado yanasubiriwa. Ikipita, inakwenda kupimwa uzito wa molekuli kwenye maabara yenye spektromita, kwa sababu hapa hatuna, na hapo ndipo tutajua kama ni kitu kilichokwisha kuandikwa vitabuni tangu babu zetu wakiwa hai. Mara nyingi huwa hivyo.

Msimu ujao sampuli za karanga zitachukuliwa mara mbili, kabla ya kung'oa na baada ya kukausha, kwenye mashamba yale yale. Na fungu la mapepe, zile zilizosinyaa na kuvunjika, litanunuliwa kila nyumba, kwa bei ya zile nzuri. Nimeliweka kwenye bajeti kama "sampuli", na mhasibu amepitisha.